Betri Haijai: Kosa ni la Nani?

Kijijini motokaa moja hutumikia nyumba nyingi. Yaweza kuwa pikapu iliyochakaa, lakini ndiyo ipelekayo mahindi sokoni, na usiku mama akishikwa na uchungu, ndiyo itafutwayo kwanza. Basi siku ikikataa kuwaka, taabu si ya mwenyewe peke yake.

Mara nyingi ugonjwa huanza kidogo kidogo. Asubuhi injini yazunguka kwa uvivu. Taa za mbele zafifia. Tena ile taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri, badala ya kuzimika injini ikiwaka, yabaki inakutazama. Jirani wa kwanza asema, "Nunua betri." Wa pili asema, "Alteneta imekufa." Wala hapana hata mmoja aliyepima. Baba wa nyumba auza mbuzi, anunua betri mpya, na baada ya siku chache mambo ni yale yale. Leo twataka kukuonyesha namna ya kumtafuta mwenye kosa kabla hujafungua mfuko wa fedha.

ALTENETA NI KITU GANI?

Fikiri betri ni mtungi wa maji, na alteneta ni mtu achotaye kisimani ili mtungi usikauke. Injini huizungusha alteneta kwa mkanda. Ndani yake sumaku huzunguka katikati ya nyaya za shaba, na hapo umeme huzaliwa. Umeme huo kwanza huenda na kurudi. Vipande vidogo viitwavyo dayodi huufanya uende njia moja tu, maana ndio umeme upokewao na betri. Kisha kuna kidhibiti, kazi yake kuangalia umeme usizidi wala usipungue. Motokaa za zamani zilitumia dainamo. Katika miaka ya 1960 alteneta zilianza kushika mahali pake, kwa sababu hutoa umeme wa kutosha hata injini ikizunguka polepole.

Kwa hiyo mtungi ukiwa mtupu, washitakiwa ni wanne: mtungi wenyewe, yaani betri, njia ya kisimani, yaani nyaya na vichwa vya betri, mkanda, na mwisho mchotaji, yaani alteneta. Alteneta si kitu cha bei ndogo, basi yafaa ihukumiwe baada ya wenzake.

ANZA KWA MACHO NA MIKONO

Zima injini, uiache ipoe. Tazama mkanda. Je, una nyufa? Umelowa mafuta? Mkanda wa namna ya zamani, ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba, ushuke kama sentimita 1 hivi. Ukilia kwa sauti kali unapowasha gari au taa, ujue unateleza. Angalia sana: katika motokaa nyingi mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji. Ukiona taa nyekundu imewaka njiani na joto la injini linapanda, simama mara moja, usije ukaunguza injini nzima.

Halafu vichwa vya betri. Vikiwa na unga mweupe au wa kijani, au vikicheza ukivishika, umeme haupiti vizuri. Fungua kwanza upande wa kutoa (-), kisha upande wa kujumlisha (+). Osha kwa maji ya vuguvugu yenye magadi, lakini yasiingie ndani ya betri. Sugua kwa msasa mpaka ving'ae. Wakati wa kufunga, anza na (+), umalizie na (-). Ufuate na ule waya mnene wa (-) mpaka unapofungwa kwenye bodi na injini. Huko nako kutu hujificha.

Jihadhari: betri hutoa hewa iwakayo kama petroli. Sigara na koroboi zikae mbali. Maji ya betri ni asidi. Yakikurukia machoni au mwilini, jioshe papo hapo kwa maji mengi, kisha uende kwa mganga wa zahanati kama ni machoni.

MITA HAISEMI UONGO

Sasa tafuta mita ndogo ya kupimia umeme. Fundi redio anayo, na bei yake haifiki hata robo ya bei ya betri. Iweke kwenye volti za umeme wa betri, penye namba 20.

Kwanza, pima betri asubuhi kabla ya kuwasha. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Volti 12.2 ni nusu hivi. Chini ya 12, ni mtupu au mgonjwa.

Pili, washa injini, upime tena pale pale. Mita ionyeshe kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na feni, ukanyage mafuta kidogo. Isishuke chini ya 13. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, betri hailishwi. Ikipita 15, kidhibiti kimekufa. Betri itachemka na taa zitaungua. Lori la volti 24, zidisha hesabu hizi mara mbili. Baadhi ya motokaa mpya huongozwa na kompyuta na volti zake hupanda na kushuka. Hizo fuata kitabu chake.

Tatu, kama betri hailishwi, pima penye alteneta yenyewe, pale ulipofungwa waya mnene. Mikono, nguo na kanga zikae mbali na mkanda. Ukikuta 14 hapo, na kwenye betri 12, alteneta ni mzima. Kosa ni la waya au la fyuzi kubwa iliyo kati yao.

Nne, fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa nyekundu ya betri lazima iwake. Isipowaka, yamkini balbu yake imeungua. Katika motokaa nyingi za zamani, alteneta hupata umeme wake wa kuanzia kwa kupitia balbu hiyo. Watu wamenunua alteneta nzima kumbe kilichokufa ni balbu!

Na jambo moja usilifanye kamwe: kuchomoa kichwa cha betri injini ikizunguka, ati kuona kama itazimika. Desturi hiyo ni ya siku za dainamo. Kwa alteneta, volti zaweza kuruka ghafula na kuua dayodi, redio na kompyuta ya gari.

KAMA MWENYE KOSA NI ALTENETA

Hata hapo usikimbilie dukani. Mpelekee fundi umeme wa magari. Mara nyingi kilichokwisha ni kaboni zake, au beringi inayopiga kelele, au kidhibiti. Na vitu hivyo hubadilishwa bila kuitupa alteneta yote.

Ikiwa ni lazima kubadilisha, kazi hii waweza kuifanya nyumbani kwa spana chache. Ondoa kwanza waya wa (-) wa betri. Usipofanya hivyo, spana ikigusa waya mnene na bodi pamoja, moto utaruka. Piga picha ya nyaya kwa simu, au uzichore karatasini. Legeza mkanda uutoe, fungua nyaya, kisha bolti. Weka alteneta ya zamani na mpya pamoja mezani: volti na ampea ziwe sawa, mahali pa bolti pawe sawa, puli na soketi ya nyaya pia. Funga mpya, rudisha mkanda, ukaze nyaya, na (-) iwe ya mwisho.

Betri iliyokauka kabisa, ijazwe kwanza kwa chaja. Alteneta imewekwa kuitunza betri, si kuifufua. Ukiilazimisha, ile mpya yaweza kuungua. Kisha washa, pima, na uandike hesabu zako katika daftari la gari. Mwakani mita ikisoma pungufu, utaijua dalili kabla ya kukwama.

Betri iliyokufa isiachwe uani. Ndani yake mna risasi, nayo ni sumu kwa watoto na kwa udongo wa shamba. Usiivunje wala kuiyeyusha jikoni. Irudishe kwa mwuzaji wa betri au kwa mnunuzi anayezipokea.

Na ikitokea siku umekwama mbali, betri hailishwi na jua linazama, kumbuka hesabu hii: taa mbili kubwa za wati 55 hula ampea 9 hivi. Zima redio, feni na kila kisichohitajiwa, nenda ungali na mwanga wa mchana, wala usizime injini mpaka ufike. Giza likikukuta, heri ulale kwa wenyeji kuliko kuendesha bila taa. Gari litangoja asubuhi. Maisha ya abiria wako hayarudishwi kwa spana.