Kuunyamazisha Ujumbe wa Jeni: Kemia ya RNA na Ugonjwa wa Huntington

Kandokando ya Ziwa Maracaibo nchini Venezuela zipo familia ambazo kwa vizazi kadhaa zimewashuhudia wazazi wakipoteza utulivu wa viungo, usemi na hatimaye akili, wangali watu wa makamo. Damu waliyojitolea iliwasaidia watafiti kuibaini, mwaka 1993, jeni inayosababisha ugonjwa wa Huntington. Ndani ya jeni hiyo herufi tatu za kinasaba, CAG, hujirudia mfululizo. Kwa watu wengi marudio hayazidi 26. Yakifika 40 au zaidi, mwenye nayo ataugua akijaliwa umri wa kawaida. Kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, na kipimo cha damu huweza kumjulisha miaka mingi kabla ya dalili.

Jeni haitengenezi protini moja kwa moja. Nakala yake, iitwayo RNA ya ujumbe, hutoka katika kiini cha seli na kusomwa nje yake. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha, kwa kutumia minyoo wadogo, kwamba RNA ya nyuzi mbili huinyamazisha jeni inayolingana nayo. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Neno “kunyamazisha” lisitupotoshe: jeni yenyewe haiguswi. Uzi mmoja wa RNA fupi hushikwa na protini ya seli, ambayo huutumia kama kielelezo cha kutafutia ujumbe unaolingana nao, ikaukata, kisha ikautafuta mwingine.

Ikiwa njia ilijulikana mapema hivyo, mbona dawa zilichelewa? Jibu limo katika udhaifu wa RNA yenyewe. Ikiingizwa mwilini bila kinga, vimeng’enya huivunjavunja kwa dakika chache. Wanakemia waliigeukia sukari ya ribosi, ambayo katika kaboni yake ya pili hubeba kikundi cha oksijeni na haidrojeni kinachorahisisha uvunjaji huo. Mahali pake waliweka florini, au kikundi cha methili juu ya oksijeni. Katika uti wa molekuli, baadhi ya atomi za oksijeni zilibadilishwa kwa salfa, nayo huisaidia molekuli kung’ang’ania protini na kuingia katika seli. Ugumu ni kujua kikomo: molekuli ikibadilishwa kupita kiasi, protini inayopaswa kuitumia haitaitambua tena.

Ubongo una kikwazo chake. Dawa hizi hazipenyi kutoka kwenye damu, hivyo hudungwa ndani ya maji yauzungukayo ubongo na uti wa mgongo, na huweza kuondoshwa kabla ya kusambaa. Mwaka 2019 kikundi cha Anastasia Khvorova, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, kilieleza muundo wa RNA mbili fupi zilizounganishwa. Kwa panya, sindano moja ilipunguza protini ya huntingtini katika ubongo mzima kwa miezi 6. Muda huo si jambo dogo kwa mgonjwa aishiye mbali na hospitali.

Hata hivyo, kupunguza protini si sawa na kumponya mtu. Tominersen, dawa ya uzi mmoja iliyolenga ujumbe huohuo, ilisimamishwa katika jaribio kubwa mwezi Machi 2021. Waliodungwa mara nyingi zaidi walikuwa na hali mbaya kuliko waliopewa dawa bandia. Dawa hiyo ilipunguza huntingtini yenye kasoro pamoja na ile nzima, ambayo seli za neva huihitaji. Kama hiyo ndiyo sababu, au ni dozi, au ni kuanza matibabu kwa kuchelewa, jaribio lile peke yake halikutosha kuamua.

Ndiyo maana baadhi ya watafiti sasa hubuni RNA inayotofautisha nakala mbili za jeni kwa herufi moja iliyo tofauti kati yake, ili ujumbe wenye kasoro ukatwe na ule mzima uachwe. Njia hiyo haimfai kila mgonjwa, kwa kuwa si wote wenye tofauti hiyo. Kabla ya matibabu, basi, itabidi kila mmoja asomwe nakala zake zote mbili.