Usitupe Makapi ya Chungwa

Sisi watu wa Muheza chungwa tunalimenya, tunalikata kwa juu, tunalifyonza maji, makapi tunatupa. Basi hayo makapi, pamoja na ule weupe wa ndani ya ganda, ndiyo yenye pektini.

Kazi yake ni hii. Lehemu ni namna ya mafuta ambayo yakizidi katika damu hugandia mishipa, yakaleta kiharusi au ugonjwa wa moyo. Ini huitumia lehemu kutengeneza nyongo. Pektini ikifika matumboni huwa kama uji mzito, hunasa nyongo na kutoka nayo chooni. Hapo ini halina budi kuchota lehemu nyingine katika damu. Kunde na maharage nayo hufanya kazi hiyo.

Lakini, ndugu zangu, lehemu hupungua kidogo tu. Ukila mchuzi wa tui zito kila siku, unajenga huku unabomoa kule. Nazi haina lehemu, ila mafuta yake huipandisha. Na aliyepewa vidonge hospitali asiviache kwa ajili ya machungwa. Wapo wanaoviacha eti wanajiona wazima! Lehemu haiumi, huijui mpaka upimwe damu.