MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KUREKODI MAZUNGUMZO YA SIMU PANAPOTOKEA MGOGORO NA FUNDI

Hutokea mvuvi akapeleka mashine ya boti kwa fundi, bei ikapatanwa kwa simu, na siku ya kuichukua akatakiwa alipe zaidi. Kila siku boti inapokaa pwani ni siku ya riziki iliyopotea. Katika hali hiyo mwenye mali hushawishika kurekodi mazungumzo ya simu ili apate ushahidi. Maelezo haya yanakusudia kuonesha mipaka ya jambo hilo.

Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, na Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 16, zinampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi na ya mawasiliano yake. Hifadhi hiyo ni ya mteja, na ni ya fundi pia. Aidha, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inafanya kuwa kosa la jinai kunasa mawasiliano bila ya idhini ya kisheria. Hivyo, kutega simu ya fundi ili kusikiliza anayozungumza na watu wengine, au kumtuma mtu afanye hivyo, ni kosa, hata kama mteja amedhulumiwa.

Kurekodi mazungumzo ambayo mtu mwenyewe anashiriki ni jambo jengine, wala nchi zote hazilitazami kwa namna moja. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya 1968 inatosheka na ridhaa ya mmoja wa wanaozungumza, ilhali jimbo la California linataka ridhaa ya wote katika mazungumzo ya faragha. Kwa hiyo ushauri wa jamaa walio ng'ambo usichukuliwe kuwa ndiyo sheria ya hapa.

Njia iliyo salama ni kuomba ridhaa mwanzoni, na jibu lisikike katika rekodi. Maneno machache yanatosha: "Fundi, naomba turekodi mapatano yetu tusije tukasahau." Akikataa, mteja asirekodi, badala yake ampelekee ujumbe wa maandishi unaotaja kazi, bei na tarehe ya kumaliza, na amwombe athibitishe.

Rekodi ihifadhiwe nzima, bila ya kukatwa, katika simu ile ile iliyotumika, kwani mahakama hutaka kuridhika kuwa haikuchezewa. Isisambazwe katika makundi ya WhatsApp ili kumwaibisha fundi. Mtumishi wa Serikali anayepokea rekodi pamoja na malalamiko naye anapaswa kuitumia kwa shauri hilo tu na kuitunza kwa siri.

Hata hivyo, rekodi haichukui nafasi ya karatasi. Mali inapokabidhiwa, pande zote mbili zitie saini hati inayoeleza hali ya kifaa, ubovu uliotajwa, bei, na malipo ya awali yaliyotolewa. Kila malipo yadaiwe risiti. Mgogoro ukizuka, mlalamikaji anaweza kuanza kwa Sheha wa shehia yake, kisha Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar au mahakama.

Wananchi wanakumbushwa kuwa mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.