Mpangilio wa Makala ya Kisayansi

Makala ya utafiti wa kisayansi kwa kawaida huwa na utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Utangulizi hutaja swali na pengo lililoachwa na watafiti waliotangulia. Mbinu ndiyo roho ya makala: vifaa, vipimo na hatua huelezwa kikamilifu ili mtafiti mwingine, hata wa mbali, aweze kurudia jaribio na kulipinga ikibidi. Matokeo hutolewa bila tafsiri. Kuyatafsiri ni kazi ya mjadala, unaotaja pia mipaka ya utafiti. Muhtasari husomwa kwanza, lakini ni bora uandikwe mwisho.

Wapo waliopanga makala yao kwa njia nyingine. Mwaka 1969 Mtanzania Erasto Mpemba na Denis Osborne waliandika kuhusu maji ya moto kuwahi kuganda kuliko ya baridi. Katika makala yao, simulizi ya Mpemba ya tangu shuleni ilitangulia, majaribio ya Osborne yakafuata.