Kweli au Si Kweli: Soma Nyuma ya Boksi

Anayenunua kidoli, tyubu ya rangi au mchoro kwa sababu umempendeza, akaishia hapo, hana haja ya kusoma haya. Haya ni ya yule anayemwambia mwenzake nyumbani kwamba kile kidude kilichokula robo ya kodi ya mwezi ni "uwekezaji". Maduka ya vitu vya kukusanya, vifaa vya sanaa na matoleo mapya ya katuni na filamu yana desturi moja: sifa huandikwa mbele kwa herufi kubwa, ukweli huandikwa nyuma kwa herufi za sisimizi. Basi tugeuze maboksi.

Kikikaa kwenye boksi lake bila kufunguliwa, bei itapanda.

Mara nyingi si kweli. Waulize walionunua Beanie Babies, vile vidoli laini vilivyojazwa punje za plastiki, vilivyoanza kutolewa na kampuni ya Ty ya Marekani mwaka 1993. Mwenye kampuni, Ty Warner, alikuwa akitangaza ghafla kwamba kidoli fulani hakitatengenezwa tena, na watu wakikimbilia kilichobaki madukani. Homa ilipanda hadi mwaka 1999 wanandoa waliotalikiana huko Las Vegas wakachuchumaa sakafuni mahakamani, wakigawana vidoli vyao kimoja kimoja mbele ya hakimu. Agosti mwaka huohuo Ty ikatangaza kwamba vyote vitakoma Desemba 31. Kisha ikawapigisha wateja kura ya kulipia, na uzalishaji ukaendelea. Soko likafumbua macho. Hadi leo dubu wa zambarau aliyetolewa 1997 kwa kumbukumbu ya Princess Diana hutangazwa mtandaoni kwa maelfu ya dola, na huo ndio mtego wenyewe: bei anayotangaza muuzaji si bei anayolipa mnunuzi. Tafuta bei za vilivyokwisha kuuzwa, si za vinavyosubiri mnunuzi.

Sababu ni nyepesi. Midoli ya zamani ilipata thamani kwa kuwa mingine mingi ilichezewa ikang'oka vichwa, ikatupwa jalalani. Kidoli ambacho kila aliyekinunua amekihifadhi kabatini kwa ajili ya kukiuza hakitaadimika kamwe. Funko, watengenezaji wa vile vidoli vyenye vichwa vikubwa na macho meusi, walifika mahali pabaya zaidi: Machi 2023 walitangaza kwamba wangeharibu shehena yenye thamani ya dola kati ya milioni 30 na 36, kwa sababu kuitunza ghalani kuligharimu zaidi kuliko faida ya kuiuza. Ukiona rafu nzima imeandikwa "toleo maalumu", jiulize kuna rafu ngapi za namna hiyo duniani.

Ipo tofauti moja ambayo kwa haki lazima isemwe. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Moscow walipima bei za seti zaidi ya 2,000 za LEGO ambazo hazikufunguliwa, za kati ya 1987 na 2015, wakakuta wastani wa faida wa karibu asilimia 11 kwa mwaka baada ya seti kuondolewa madukani. Lakini wastani huo umefunika waliopata na waliopoteza pamoja, na anayehifadhi seti kubwa mia moja anahitaji chumba kikavu, bima na subira ya miaka. Hiyo ni biashara ya ghala. Wengi wetu tunataka tu kujenga ile meli iliyo kwenye boksi.

Kidoli Labubu ana pepo ndani yake.

Si kweli, ingawa mwaka 2025 uvumi huu ulienea hadi kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. Uvumi ulimfananisha na Pazuzu, pepo wa Mesopotamia ya kale anayejulikana zaidi kwa filamu ya *The Exorcist* ya 1973. Anayeueneza hajui kwamba Labubu ana baba anayejulikana kwa jina: Kasing Lung, msanii aliyezaliwa Hong Kong na kulelewa Uholanzi, aliyemchora katika vitabu vyake vya picha vya mwaka 2015 akivuta mawazo kutoka ngano za Ulaya ya Kaskazini. Kampuni ya Pop Mart ya Beijing ilianza kumtengeneza kwa mkataba mwaka 2019, na kishindo chenyewe kilikuja Aprili 2024, Lisa wa kundi la Blackpink alipoonekana akiwa naye mkobani. Yule mwenye masikio marefu ni wa kike, na ana meno 9. Hesabu meno kabla ya kulipa: feki nyingi hukosea hapo.

Uovu wa Labubu, kama upo, uko kwenye bei. Juni 2025 kimoja chenye kimo cha sentimita 131, cha pekee cha aina yake, kiliuzwa mnadani Beijing kwa yuan milioni 1.08, karibu dola 150,000. Mwezi huohuo Pop Mart ilimwaga mzigo mpya sokoni na bei za walanguzi zikaporomoka. Magazeti yalizungumzia zaidi la kwanza. La pili ndilo lililowahusu wanunuzi wengi.

Labubu wa siri hupatikana mara moja katika maboksi 72, kwa hiyo ukinunua 72 utampata.

Si kweli, na hapa ndipo herufi za sisimizi zinapowala watu. Boksi la aina hii huuzwa likiwa limefungwa, hujui ndani kuna nani. Matoleo mengi ya Labubu yana wanasesere 6 wa kawaida na mmoja wa siri mwenye nafasi ya 1 kwa 72. Nafasi hiyo haikusanywi kama stempu. Chukua maboksi 72 yaliyochanganywa bila mpangilio: nafasi ya kumpata angalau mmoja wa siri ni takriban asilimia 63. Katika kila wanunuzi mia wa namna hiyo, 37 hivi watarudi nyumbani na maboksi 72 na hakuna wa siri. Ukinunua katoni moja ya maboksi 6, nafasi yako ni kama asilimia 8. Faida ya katoni ni nyingine: kwa kawaida hupewi wawili wanaofanana. Anayempenda mmoja tu afanye jambo ambalo muuzaji hapendi, amnunue kwa mtu aliyekwisha kumfungua.

Rangi ya bei ghali na ya bei rahisi ni ileile, unalipia jina.

Nusu kweli, na hii nusu ina maana kwa anayechora. Geuza tyubu. Karibu na jina la rangi kuna herufi na namba, kama PB29 au PB28. Hizo hutaja unga wenyewe wa rangi, na hazibadiliki kutoka kampuni hadi kampuni: PB29 ni buluu ya ultramarine, iwe tyubu ya mwanafunzi au ya msanii mkongwe. Kinachobadilika ni wingi wa unga huo na kiasi cha vijazo vilivyochanganywa nao. Tyubu ya bei rahisi yenye PB29 ni ununuzi mzuri kwa anayejifunza. Lakini tyubu iliyoandikwa buluu ya kobalti, kisha nyuma ikasoma PB29 na PW6, haina kobalti hata chembe. Kobalti ni PB28. Hiyo ni ultramarine iliyochanganywa na nyeupe. Si wizi, imeandikwa. Ila imeandikwa nyuma.

Angalia pia alama ya kuhimili mwanga. Rangi za maji za waridi kali zinazong'aa dukani mara nyingi hupata mng'ao wake kutokana na rangi ya floresenti inayofifia haraka ikining'inizwa ukutani. Hata mabingwa walipatwa: kuta za chumba alichochora Van Gogh mwaka 1888, ambazo leo tunaziona buluu, zilikuwa zambarau, nyekundu iliyokuwamo ilififia. Kwa daftari la mazoezi haidhuru. Kwa kazi utakayomuuzia mtu, inadhuru.

Penseli ina madini ya risasi, mtoto akiitafuna atapata sumu.

Si kweli. Ndani ni grafiti iliyochanganywa na udongo, njia aliyoivumbua Mfaransa Conté mwaka 1795 wakati vita vilipoinyima Ufaransa grafiti ya Uingereza. Udongo ukizidi penseli huwa ngumu na hafifu, ukipungua huwa laini na nyeusi.

Msanii Mfaransa Yves Klein alijipatia hataza ya rangi ya buluu.

Si kweli. Mwaka 1960 alisajili Ufaransa bahasha ya kuonyesha tarehe ya uvumbuzi wake, jambo ambalo si hataza. Na alichobuni hakikuwa ule unga: ulikuwa ultramarine ya siku zote. Kilikuwa gundi ya kuushikilia bila kuuzima mng'ao.

Chapa namba 1/50 ina thamani kuliko 37/50.

Kwa chapa za kisasa za skrini, hapana. Namba mara nyingi haifuati hata mpangilio wa kuchapa. Kweli yake iko kwenye mabamba ya shaba yaliyochorwa kwa sindano kavu, ambayo huchakaa kadiri yanavyochapishwa.

Mchoro wenye sahihi ya Tingatinga ni wa Tingatinga.

Si lazima, na hili ndilo linaloweza kutuumiza wengi mfukoni. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam karibu mwaka 1968, akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu mwaka 1972. Ni miaka minne tu ya kazi. Alitumia rangi ya baiskeli juu ya hadibodi iliyokatwa miraba ya karibu sentimita 60, vitu vya duka la vifaa vya ujenzi, na kwa hilo peke yake amekwisha kuwajibu wanaosema sanaa nzuri inahitaji vifaa vya Ulaya. Wanafunzi wake, akina January Linda, Ajaba Abdallah na Simon Mpata, wakaendeleza. Baadaye mtindo ukahamia kwenye kitambaa, maana mtalii hukikunja akakiweka sandukuni. Jina likawa la mtindo mzima. Kwa hiyo chui wa mviringo juu ya kitambaa, mwenye sahihi ya E. S. Tingatinga, anapaswa kukushtua kabla hajakufurahisha. Kinachotafutwa ni historia ya mchoro: nani aliununua, lini, kwa nani, na kama kuna picha ya zamani ukiwa ukutani. Na kama huna maelfu ya dola, nunua kazi ya mchoraji aliye hai, mwenye jina lake mwenyewe, papo kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga Dar es Salaam. Ni chaguo langu hata kwa mwenye pesa.

Kanga ni nguo ya jikoni, haikusanywi.

Si kweli. Kanga ilikuwa na matoleo, nakala na watu wa kusubiri muundo mpya kabla Labubu hajazaliwa. Soma pindo: zile za K.H.E., nyumba ya biashara ya Mombasa tangu 1887, hubeba maneno "Mali ya Abdulla" na namba ya muundo, maandishi madogo kuliko jina la kanga lenyewe. Zipo za ukumbusho pia, kama ile ya kumpongeza Barack Obama aliposhinda uchaguzi wa 2008, na British Museum imehifadhi kanga katika makusanyo yake. Mwenye nia ya kutunza aweke doti nzima, haijakatwa wala kupindwa, gizani, na abadilishe mikunjo kila baada ya muda ili nyuzi zisikatike mahali pamoja. Bei bado ni ya kanga. Toleo likikosa soko, utajifunga.