Marree, Mji wa Ngamia na Reli

Katika nchi kame ya Australia ya Kusini, zaidi ya maili 360 kaskazini mwa Adelaide, uko mji mdogo uitwao Marree. Kuuita mji ni kuupa heshima, maana watu wake hawafiki mia mbili. Mvua ya mwaka mzima kwa kawaida ni inchi 6 hivi, kiasi ambacho mkulima wa Kiambu huweza kukipata katika mwezi mmoja wa masika. Si mbali na hapo liko ziwa kubwa la chumvi, Kati Thanda, ambalo Wazungu waliliita Lake Eyre. Sakafu yake iko yapata futi 50 chini ya usawa wa bahari, na kwa miaka mingi huwa kavu kabisa.

Basi watu walifuata nini huko? Walifuata maji. Chini ya jangwa lile yamo maji mengi ya kale, yaliyobanwa kati ya tabaka za miamba, nayo hububujika juu hapa na pale. Waarabana na Wadieri, wenyeji wa nchi hiyo, walizijua chemchemi zake tangu enzi za mababu. Mwaka 1859 Mjerumani aitwaye Herrgott, aliyekuwa katika safari ya mpelelezi John McDouall Stuart, alizikuta chemchemi za mahali hapo. Zikaitwa kwa jina lake, tena kwa herufi zilizokosewa: Hergott Springs. Mji ulipimwa mwaka 1883, na mwaka uliofuata reli ikafika. Jina la Marree lilithibitishwa mwaka 1918, wakati wa vita, majina ya Kijerumani yalipofutwa katika ramani.

Reli ilipofika, Marree ukawa mlango wa jangwa. Ng'ombe waliswagwa kutoka Queensland kwa njia ya Birdsville, mwendo wa maili 320 hivi, wakapakiwa hapo katika mabehewa. Na bidhaa zilizoteremshwa zilipelekwa bara kwa ngamia, kwani farasi hawakuiweza kiu ya nchi ile.

Ngamia hao walikuja na wenyewe. Tajiri Thomas Elder alileta zaidi ya 100 mwaka 1866, pamoja na watu wa kuwaongoza. Watu hao waliitwa Waafghani, ingawa wengi walitoka pande ambazo leo ni Pakistan na India. Katika Marree walipanda mitende na kujenga msikiti mdogo wa kuta za udongo, unaohesabiwa miongoni mwa misikiti ya kwanza ya Australia. Walibeba unga, chai, nguzo na nyaya, wakarudi na sufu. Lakini reli iliyowapa kazi ndiyo iliyowatenga: Wazungu walikaa upande mmoja, Waafghani na wenyeji upande wa pili. Hata makaburini waligawanywa. Sheria ya mwaka 1903 iliwanyima watu waliozaliwa Asia na Afrika haki ya kuomba uraia, hata awe mtu ameitumikia nchi maisha yake yote.

Mmoja wao alikuwa Bejah Dervish, mzaliwa wa Baluchistan. Mwaka 1896 alisimamia ngamia katika safari ya Lawrence Wells kupita jangwa la magharibi, safari ambayo Wazungu wawili walikufa ndani yake. Wells alimtunukia dira yake mwenyewe. Alipoacha misafara, Bejah alilima tende Marree, na mwaka 1939 mwanawe aliongoza ngamia wa mtaalamu Cecil Madigan kupita jangwa la Simpson. Mzee huyo alifariki mwaka 1957.

Wakati huo malori yalikuwa yamekwisha kuwashinda ngamia. Sheria ya mwaka 1925 iliruhusu ngamia wanaozurura wauawe. Wenye ngamia wengi hawakuwa na moyo wa kuwapiga risasi wanyama waliowalisha, wakawafungulia waende zao jangwani. Wazao wao ni wengi mno mpaka leo. Barua na vyakula vikachukuliwa na Tom Kruse, aliyeanza mwaka 1936 kuendesha lori katika njia ya Birdsville, akizama mchangani na kuvuka mafuriko kwa mashua.

Mwaka 1957 reli mpya pana, ya futi 4 inchi 8 na nusu, ilifika Marree kutoka kusini, na ile ya kwenda Alice Springs ikabaki ya futi 3 inchi 6. Mizigo ikawa lazima ihamishwe, kama ihamishwavyo huko Naivasha kutoka reli mpya kwenda ya zamani, na kazi ikawa tele. Lakini reli nyembamba ilizolewa na mafuriko mara kwa mara. Mwaka 1980 nyingine ilifunguliwa mbali upande wa magharibi, na ya zamani ikafungwa. Kabla ya miaka hiyo ya 1980 kwisha, hata ile pana iliyotoka kusini haikufika tena Marree.

Treni ya Alice Springs ingali ikiitwa Ghan, jina ambalo yasemekana lilitokana na Waafghani wale, ila haipiti tena mjini kwao. Katika Marree umejengwa mfano wa msikiti wa udongo, na mitende ingalipo. Mwaka 2012 mahakama ilitambua haki ya Waarabana juu ya nchi kubwa ya jirani, pamoja na ziwa. Hoteli ya mawe ya mwaka 1883 bado hupokea wageni, na mbele ya stesheni isiyo na treni yamesimama mainjini ya zamani, yakipigwa na jua.