Ushauri wa kila wiki usipotosha

Ikiwa unamwona mshauri mara moja kwa wiki na bado hulali, huli, wala huwezi kwenda kazini, mwambie wazi. Huenda ukahitaji kuonana naye mara nyingi zaidi, au upewe dawa za mfadhaiko, ambazo huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu kamili.

Lakini ukiwaza kujiua, au ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kulazwa si aibu. Jamaa wasimwache mgonjwa peke yake, na waondoe dawa za kuua wadudu nyumbani. Wasiogope polisi: mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.